Nimepungua kilo 11, kila mtu ananisifu, lakini kiti kimenishinda

Mwanangu mshauri,

Nina miaka 67, nimestaafu ualimu. Mume wangu ana miaka 72, na watoto wetu wanne wote wana makazi yao. Presha ninayo tangu nikiwa na miaka 54 na dawa nameza kila asubuhi bila kukosa. Kisukari sina, kwa kipimo cha mwaka juzi. Nayasema haya mapema maana najua utaniuliza.

Binti yangu wa tatu ananipenda kupita kiasi, na mapenzi yake yamekuja na mzani. Mapema mwaka huu nilikwenda kumtembelea. Sijakaa hata saa moja, akanipandisha juu ya kile kidude. Kilo 74. Akaniuliza urefu, nikamwambia mita 1.60. Akabonyeza simu, akakunja uso: "Mama, uzito umezidi. Ukitaka kuona wajukuu wakioa, ufike kilo 55." Nikacheka. Yeye hakucheka. Shangazi yake, mdogo wa mume wangu, alikufa kwa moyo akiwa na miaka 61. Alikuwa mnene sana, hatua kumi tu anahema, na binti yangu ndiye aliyemuuguza. Kwa hiyo hofu yake najua ilikotoka, na ndiyo maana sikubishana.

Nikaanza. Chakula cha jioni nikakiacha kabisa. Mchana nusu sahani, mboga za majani kwa wingi. Mayai, nyama na maziwa nikaviweka kando kwa sababu aliniambia vina mafuta. Mazoezi hakunipa, alisema magoti yasubiri kwanza mzigo upungue. Miezi mitano imepita, nina kilo 63. Kila ninapopita nasifiwa. "Mwalimu, umerudi usichanani!" Magauni nimeyapeleka kwa fundi mara mbili kupunguzwa.

Sasa yale ambayo sijamwambia mtu. Kile kiti cha chini cha sebuleni, ambacho nilikuwa nainuka huku nimebeba kikombe cha chai, siku hizi nakishika mikono yake yote miwili, nahesabu moja mbili tatu, ndipo najisukuma. Juzi mjukuu wangu wa miaka mitano alisimama mbele yangu akanyoosha mkono: "Bibi, nikuvute?" Akanivuta. Mbele yake nilicheka. Msalani nililia. Kifuniko cha chupa ya maji nampa mume wangu anifungulie. Na usiku nikiamka kwenda haja ndogo, dunia inazunguka mpaka nishike ukuta.

Mume wangu naye ni mtihani mwingine. Amekuwa mwembamba maisha yake yote, kilo 58 kwa urefu wa mita 1.75. Anavuta sigara tangu akiwa na miaka 20, hatembei, anashinda na redio yake. Ananiambia, "Umeona? Mimi sina gramu ya mafuta, daktari wa nini?" Upande wa pili nina rafiki yangu wa miaka 73. Kilo zake hazipungui 80. Kila alfajiri yuko barabarani anatembea, akirudi anainamia bustani yake mpaka jua likolee. Watu wote wananisifu, yeye peke yake ndiye aliyenitazama akauliza, "Unaumwa?"

Kuna jambo moja dogo la mwisho. Mwezi uliopita tulikuwa na wageni karibu wiki nne. Nilikula nao kama kawaida, asubuhi, mchana na jioni, maana ni aibu kuwaandalia watu halafu wewe ukae unawatazama. Nilijua nitapanda. Nikashuka kilo mbili. Binti yangu akasema safi sana, mwili umeshazoea.

Nimebakiza kilo nane. Niendelee? Kweli unene unaua katika umri wangu? Na imekuwaje mimi niliyetii kila kitu nimechakaa, na rafiki yangu mnene anadunda?

Mwalimu Mstaafu


JIBU

Shikamoo, mama Mwalimu.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza kama barua ya uzito. Nilipofika mwisho nikarudi juu, kwa sababu ya hilo jambo uliloliita dogo. Naomba tuanze nalo, mengine yatasubiri.

Mtu akijinyima akapungua, tunajua kilo zimekwenda wapi. Mtu akila milo mitatu kwa siku karibu wiki nne halafu akashuka kilo mbili, hatujui. Huenda ni hekaheka za kuhudumia wageni, huenda mzani ulihamishwa ukawekwa juu ya zulia. Sitaki kukutisha. Lakini madaktari wa wazee wana kanuni: mtu wa umri wako akipoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, sababu itafutwe. Sababu nyingine ni za kawaida kabisa, kama jino bovu, dawa inayokata hamu ya kula, au sonona. Nyingine ni kisukari, tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, kifua kikuu, saratani. Ubaya wa kujinyima ni kwamba kunaficha yote hayo. Kilo zikishuka watu wanapiga makofi, na hakuna anayeuliza ngapi zimeondolewa na njaa na ngapi zimeondolewa na kitu kingine. Rafiki yako ndiye pekee aliyeuliza. Kipimo cha sukari cha mwaka juzi kilijibu swali la mwaka juzi. Nenda wiki hii, na hilo la wiki nne za wageni ulitaje wewe mwenyewe, usisubiri kuulizwa.

Ukiwa hapo hapo, taja na kizunguzungu. Dawa yako ya presha ilipangwa ukiwa na kilo 74 na unakula milo yote. Uzito ukishuka, presha nayo mara nyingi hushuka, na dozi ileile iliyokuwa sawasawa jana inaweza kuwa kubwa leo. Omba upimwe ukiwa umelala, kisha upimwe tena baada ya kusimama, kwa sababu kipimo cha kukaa kwenye kiti peke yake hakitaonyesha kinachokupata saa nane za usiku. Dawa usiiache wala usiikate nusu kwa uamuzi wako. Kwa sasa, ukiamka kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, kanyaga chini, chezesha vifundo vya miguu, hesabu mpaka sitini ndipo usimame, na taa iwake. Hili nalitilia mkazo kuliko lolote la chakula. Kati ya wazee wanaovunjika nyonga, angalau mmoja kati ya watano hafiki mwaka. Binti yako anahofia moyo. Mimi nikiona mtu wa miaka 67 aliyelegea miguu, anashika ukuta gizani, nahofia sakafu.

Sasa tuje kwenye ile namba ya kwenye simu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: kilo zako gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Aliyeibuni ni Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, katika miaka ya 1830. Hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa astronomia na takwimu, akitafuta binadamu wa wastani anafananaje. Jina la BMI lilikuja baadaye sana, mwaka 1972, kwa mkono wa Mmarekani Ancel Keys. Mipaka inayotumika leo ni ya watu wazima wote kwa jumla: chini ya 18.5 umekonda, kuanzia 25 umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Simu ya binti yako haikudanganya. Kwa kilo 74 ulikuwa 28.9, na kwa mipaka hiyo umezidi. Kosa la simu ni kwamba haikukuuliza umri.

Mwaka 2014 watafiti walikusanya pamoja tafiti 32 za wazee wa miaka 65 na kuendelea, jumla ya watu karibu 198,000, wakaangalia nani alikufa na nani alibaki. Waliokuwa na vifo vichache zaidi walikuwa kati ya 24 na karibu 31. Vifo vilianza kupanda chini ya 23 kwa upande wa wembamba, na juu ya 33 kwa upande wa unene. Hebu weka namba zako hapo, mama. Siku ulipopandishwa kwenye ule mzani ulikuwa 28.9, umekaa katikati ya eneo salama. Leo uko 24.6, bado umo, ila umesogea ukingoni. Kilo 55 unazozikimbilia ni 21.5. Kwa msichana wa miaka 30 hiyo ni namba nzuri. Kwako wewe ni kutoka ndani ya nyumba kwenda kusimama barazani wakati mvua inanyesha.

Usinielewe vibaya ukadhani nasema watu wanenepe ili waishi. Takwimu za namna hii zina mtego wake, na wataalamu wenyewe wamegombana sana juu yake. Mtu mwenye saratani huweza kukonda muda mrefu kabla ugonjwa haujajulikana. Wavutaji sigara wengi ni wembamba. Ukiwapanga wazee kwa uzito, kundi la wembamba limejaa watu ambao ugonjwa umeshawala nyama kimyakimya, kwa hiyo vifo vyao si vya wembamba bali vya kile kilichowakondesha. Hilo linapunguza makali ya zile namba. Haliziondoi, kwa sababu akiba ina kazi yake uzeeni. Mimi nimeuguza wazee. Homa ya mapafu ikimlaza mtu wiki tatu bila kula, mwili unachota mahali, na asiye na pa kuchota anatoka kitandani akiwa nusu ya alivyoingia, na mara nyingi ile nusu nyingine hairudi.

Unene nao una bei yake. Kitambi kinachotangulia mbele kinaleta kisukari na presha, magoti yanalia, usingizi unakatika kwa kukoroma na kukosa pumzi. Kama mtu wa miaka 67 angeniandikia ana BMI ya 38 na hawezi kupanda ngazi, nisingemjibu kama ninavyokujibu wewe. Hata hivyo naye nisingempa njaa peke yake. Mwaka 2017 kulichapishwa jaribio la kupunguza uzito lililofanywa kwa wazee 160 wanene. Waliopata nafuu kubwa zaidi ya utendaji wa mwili ni wale waliopungua huku wakifanya mazoezi ya kukimbiza pumzi, kama kutembea kwa kasi, na ya kunyanyua vitu vizito kwa pamoja.

Na hapo ndipo ulipoumia wewe. Mzani hausemi umepoteza nini. Mtu akipungua kwa kujinyima bila mazoezi, karibu robo ya kilo zinazoondoka si mafuta, ni nyama ya mwili wenyewe, na misuli imo. Kwa mzee aliyeacha mayai, nyama na maziwa hesabu inaweza kuwa mbaya zaidi. Chukulia robo tu: katika zile kilo 11, karibu kilo tatu. Kijana akipoteza misuli anairudisha kwa kula na kucheza mpira. Sisi wengine baada ya miaka 60 misuli inapungua yenyewe hata tukiwa tumekaa tumetulia, na kilichoondoka hakirudi bila kukidai. Kuishiwa huku na misuli uzeeni kuna jina lake la kitabibu, sakopenia, na dalili zake umeziandika mwenyewe bila kujua: kiti na kifuniko cha chupa.

Kiti, mama, ni kipimo kinachotumika kliniki. Mzee anakaa kwenye kiti cha kawaida, anakunja mikono kifuani, anaambiwa asimame na kukaa mara tano. Zikipita sekunde 15, ni ishara kwamba nguvu za misuli zimepungua. Wewe ulikuwa unainuka na kikombe cha chai mkononi ukiwa na kilo 74. Sasa una kilo 63, mzigo umepungua, na bado huinuki. Umepunguza gunia, lakini mbebaji naye umempunguza.

Hapo pia ndipo lilipo jibu la rafiki yako. Kuna kisa ninachokipenda sana katika mambo haya. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta wako basi moja na kampuni moja. Dereva amekaa kutwa, kondakta anapanda na kushuka ngazi za basi kutwa. Ugonjwa wa moyo uliwapata makondakta kidogo kuliko madereva, na ulipowapata haukuwaua kwa kasi ileile. Watu wakasema, aah, ni kwa sababu madereva ni wanene. Morris akatafuta vipimo vya suruali za sare zao! Kweli madereva walikuwa na viuno vipana zaidi. Lakini ukimweka dereva na kondakta wenye kiuno kimoja, dereva bado alikuwa na hali mbaya zaidi. Morris mwenyewe alikufa mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Rafiki yako ni kondakta, mama. Mume wako ni dereva mwembamba.

Tumalizane na huyo dereva, kwa sababu wembamba wake unakuchanganya na unamdanganya yeye. Kilo 58 kwa mita 1.75 ni 18.9, iko mlangoni pa kukonda. Madaktari wa kiume wa Uingereza zaidi ya 34,000 walifuatiliwa kuanzia mwaka 1951 kwa nusu karne. Walioendelea kuvuta sigara walikufa, kwa wastani, karibu miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Walioacha wakiwa na miaka 60 walirudishiwa karibu miaka 3. Yeye ana 72, treni hiyo imempita, lakini faida ya kuacha bado ipo, kwanza kwa pumzi na moyo. Atakutajia mzee fulani aliyevuta mpaka akafika 95. Hawakosekani, hata Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyeishi miaka 122, alivuta. Mwambie waliokufa mapema hawakualikwa kwenye hiyo hadithi. Na siku utakapokwenda kupimwa mburute naye, mwili wake pia haujaulizwa swali siku nyingi.

Sasa nini ufanye. Kilo nane zilizobaki zifute. Mzani ukitaka uupande, mara moja kwa mwezi, kuangalia kama unaendelea kushuka.

Mlo wa jioni urudi leo. Mayai, samaki, nyama, maziwa, maharage, kimojawapo kiwepo kila unapokula, si kwa mkupuo mmoja mchana. Watu wa umri wetu tunahitaji protini nyingi kuliko vijana, karibu gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili. Kwako ni kama gramu 63 hadi 76 kwa siku. Ili upate picha: yai moja lina gramu 6 hivi, bilauri ya maziwa 8, kipande cha samaki au nyama cha ukubwa wa kiganja chako 20 na kitu. Kwa ile nusu sahani ya majani sidhani ulikuwa unafika hata 30. Jambo moja tu: presha ya miaka 13 inaweza kuwa imegusa figo, kwa hiyo omba figo zipimwe kabla hujaongeza protini kwa nguvu.

Halafu kiti. Kisichukie, ndicho mwalimu wako sasa. Usianze na kile cha chini. Chukua kiti kigumu cha mezani, kiegemeze ukutani kisiteleze, weka mto juu yake ili kiwe kirefu zaidi. Kaa nusu ya mbele, miguu irudi nyuma kidogo mpaka visigino viwe chini ya magoti. Inamisha kifua mbele, pua ivuke magoti. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanajaribu kusimama wakiwa wima kama askari. Ukishainama, sukuma sakafu kwa miguu. Mikono tumia kwa mwanzo, vidole viwili tu vikiguse kiti, visikubebe. Kushuka ndiko kwenye kazi: shuka polepole ukihesabu mpaka nne, usijitupe. Mara tano, pumzika, mara tano tena, siku tatu au nne kwa wiki. Ikiwa rahisi, ondoa vidole. Ikiwa rahisi tena, ondoa mto. Ukiwa jikoni unasubiri maji yachemke, shika ukingo wa meza upande na kushuka kwa vidole vya miguu.

Utajiuliza kama hujachelewa. Mwaka 1990 kule Marekani wazee dhaifu 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye kati ya miaka 86 na 96, walipewa mazoezi ya kunyanyua mizigo kwa miguu kwa wiki 8. Tisa waliomaliza waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174. Wewe una 67. Mbele yao ungeitwa binti.

Kutembea, mfuate rafiki yako. Usihangaike na hatua 10,000; namba hiyo ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wa wanawake karibu 17,000 wenye wastani wa miaka 72, uliona kwamba waliotembea hatua 4,400 kwa siku walikufa kidogo sana kuliko wa hatua 2,700, na faida iliendelea kupanda mpaka karibu 7,500 ikatulia. Anza na nusu ya njia yake, baada ya kizunguzungu kupata dawa. Na kuwa naye tu ni faida, kwa sababu upweke nao unafupisha maisha, tena huyu ana macho.

Binti yako. Usimwambie alikosea, kwa sababu hakukosea yote. Unene uliomuua shangazi yake ni hatari kweli, hasa ukianza miaka ya katikati. Nadhani yeye mwenyewe yuko karibu na umri huo. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 uliowaangalia watu kuanzia miaka 50 kwa mambo matano: kutovuta sigara, uzito wa kadiri, mwendo wa kila siku, chakula bora na pombe isiyozidi kiasi. Wanawake walioyashika yote matano walikadiriwa kuishi karibu miaka 14 zaidi ya wale ambao hawakushika hata moja. Ule mzani wake, ukiuliza mimi, aupande yeye.

Mpe kazi nyingine. Mpigie simu umwambie: "Mwanangu, nimefika mwisho wa kilo. Sasa nataka unipeleke kwa daktari, nimeanza kuona kizunguzungu na miguu imelegea." Msimulie na mjukuu alivyokuvuta. Mtoto anayekupenda kiasi hicho hatakujibu kwa namba.

Siku ya kwenda, chukua daftari. Andika uzito wa kila mwezi tangu mlipoanza, wiki za wageni uzizungushie duara, na vidonge vyote unavyomeza uvibebe na makasha yake. Ukirudi niandikie wamesema nini. Na uniambie kiti cha mto umesimama mara ngapi, kwa mikono au bila mikono.